Siku Maji Yalipofika Mlangoni pa Cucu

Mjukuu wangu Wambui,

Nakusalimia kutoka Elburgon. Baridi ni kali lakini sote tuko salama, na mjomba wako amemaliza kuvuna viazi. Umeniuliza kama unaweza kutengeneza mwenyewe mfereji wa maji unaovuja chumbani mwako huko Naivasha. Unaweza, lakini funga kwanza koki ya nje inayoleta maji.

Mimi sikujua hilo. Nilikuwa msichana wa kazi Nakuru, na mfereji wa jikoni ulikuwa ukidondosha. Mama niliyemfanyia kazi alipotoka, nikaufungua kwa spana. Kichwa cha mfereji kikaruka, maji yakagonga dari. Niliziba kwa viganja, yakanipita yakielekea kwenye zulia la sebuleni. Nikajua nitafukuzwa. Cucu, yaani bibi, mama mzazi wa mwajiri wangu, alikuwa chumbani, na huyo nilimwogopa kuliko wote. Nililia kimya mpaka maji yakafika mlangoni pake.

"Mbona huniiti?" akauliza, miguu imelowa.

"Naogopa, Cucu."

Akajikokota nje, akafunga koki. Kisha akanionyesha kipira kilicholika ndani ya mfereji, akakata kingine kutoka kwa patipati, ndara yake kuukuu ya mpira, tukakitia pamoja.

Jioni binti yake akaingia, akakanyaga zulia.

"Nani amemwaga maji hapa?"

"Ni mimi na huyu," Cucu akasema. "Tulikuwa tunatengeneza mfereji." Akaendelea kunywa chai yake.

Anayekuombea kila siku,
Shosho wako