Shangazi Huonja Kwanza

Jumatatu, 7 Julai 2025
Majibu ya ini yametoka. Yamepanda! Daktari alinivuta kope kama anakagua mbuzi mnadani. Njano. Anasema vidonge vya TB vinaweza kulichosha ini, ila huenda kuna kingine. Akauliza: pombe? Panadol kila mara? Karanga zenye ukungu? Mizizi ya kienyeji? Hapana, hapana, hapana. Kweli tupu. Basi nisimamishe vidonge kwanza, ini lipumue. Na kifua changu je? Tutaangalia, kasema. Tutaangalia!

Alhamisi, 10 Julai
Mkojo umeacha ile rangi ya chungwa ya vidonge. Cherehani imelala, sina nguvu. Shangazi Rosalia ndiye anayenibeba. Alitoka Ulyankulu mwaka jana kuja kumuuguza mdogo wangu Ange. Ange akafa, shangazi akabaki. Nalala kitanda kilekile cha Ange. Ange naye macho yalikuwa hivi — tukasema malaria.
Asubuhi na jioni uji wa ulezi. Shangazi huonja kwanza mbele yangu, ananitazama, ndipo ananipa. Ndivyo alivyolelewa: anayekupa kinywaji akionje, ujue hakina sumu. Naipenda heshima hiyo.

Jumatatu, 14 Julai
Damu tena. Yamepanda zaidi. Vidonge nimeacha — na yamepanda! Daktari aliigeuza karatasi kuhakikisha ni jina langu. Nakula nini? Ugali, maharage, uji. Akaandika yote.
Jirani yangu Recheli ananong'ona eti Ange anataka mwenzake. Nilimcheka. Halafu nikaja kugeuza godoro.

Jumanne, 22 Julai
Puge, kwa kaka Damas. Kanichukua nibadili hewa. Nakula matobolwa, viazi vikavu vya kuchemsha, na mlenda. Mwili umeacha kuwasha. Kwenye kioo cha pikipiki yake macho yanaanza kuwa meupe.
Lakini kikohozi kimerudi. Leo leso ilikuwa na damu. Bila vidonge sitafika mbali. Naogopa kufa, basi.

Jumatatu, 28 Julai
Ini limeshuka! Daktari kacheka. Atanirudishia vidonge kimoja kimoja, na likipanda tena hajui atanipa nini.
Nimerudi nyumbani, mtaani Ng'ambo, jioni. Shangazi kanipokea na kikombe. Kaonja. Kanitazama. Mtamu — na nyuma ya utamu, uchungu. Kabla ya Puge sikuwahi kuusikia. Au nilishauzoea? Nimemeza, alikuwa bado ananitazama.

Jumapili, 3 Agosti
Siku hizi uji namwaga nyuma ya choo akigeuka. Naona haya.
Leo aliporudi kutoka misani alisimama uani, juani, akifungua kilemba. Macho yake! Njano kuliko yangu. Siku zote namwona jikoni, kwenye moshi. Na yeye hana TB. Hanywi kidonge chochote.

Jumatatu, 4 Agosti
Nimemuuliza waziwazi: shangazi, unatia nini kwenye uji? Hakushtuka. Mzizi wa kusafisha ini, wa kwao, mama yake aliutumia. Mbona hukuniambia?
"Ungenikataza, mwana wanje, mwanangu. Ange alinikataza. Nikaacha kumpa, na juma lilelile tukamzika."
Akalia. Daktari hajasema ni mzizi, lakini mimi najua. Nikilitamka, nimemwambia amemuua Ange. Na ananipenda, huyu mama, ananipenda kweli! Nikasema tu: kesho twende wote, nawe upimwe damu. Kakubali upesi, kama mtoto.

Jumanne, 5 Agosti
Tumeshavaa. Bajaji inakuja. Niko kitandani naandika.
Shangazi kasimama mlangoni, amefunga chupa kubwa ya chai ndani ya khanga. Nimemuuliza ya nini, sisi tunakwenda kupimwa tu. Uji, kasema. Wa wodini. Huwapelekea kila Jumapili baada ya misa, tangu Ange alipolazwa kule. Wale wasio na ndugu wa kuwaletea chakula. Wanamjua, wanamwulizia. Wengine macho yao kama yetu, anasema, maskini, wanazidi tu, ndiyo maana leo ameukoleza mzizi.
Namwambia aiweke chini. Hasikii. Bajaji inapiga honi, naye ameshatangulia nje na chupa —