Ushahidi Kuhusu Pilipili

Lanzhou, 9 Machi 2019

Mdogo wangu Shang Po,

Nimehesabu kwa kalenda, sikukisia: tangu nilipoiacha nyumba yetu ya mbao pale juu ya mto, leo ni miaka hamsini na minne na miezi sita. Katika muda huo nimekuandikia barua nyingi, karibu zote fupi, za mtu anayetaka aonekane hajambo. Hii itakuwa ndefu. Macho yako yamechoka, umpe mjukuu wako Ayeng akusomee polepole, na bibi yake awe amekaa karibu, hata kama ataketi akiwa amekupa mgongo.

Kwanza nakusalimu. Natumaini goti lako la kushoto limepunguza ukaidi, paa limekaguliwa kabla ya mvua, na mitungi ya samaki waliochachushwa imejaa kama inavyotakiwa katika nyumba inayongoja harusi. Mimi ni mzima. Upepo wa huku umekauka, unaingia na vumbi hata dirisha likifungwa, lakini nimeuzoea kuliko nilivyowahi kuuzoea ukungu wa kwetu. Nakula vizuri, nasoma asubuhi, nalala mchana. Binti yangu huja kila Jumatano na kunikemea kwa sababu ya chumvi.

Barua yako ilifika siku ya kumi na moja tangu itumwe. Nimeisoma mara nne. Ayeng ameiandika kwa mkono mzuri, ila nimeona mahali alipoacha kuandika ulichosema na kuandika alichotaka yeye, maana wewe hujawahi kumwita mtu yeyote “babu mpendwa”. Nimefurahi kwamba anaolewa na kijana wa kijiji cha chini ya mto, na nimefurahi zaidi kwamba walikutana kwenye ngoma na siyo kwenye simu, ingawa yeye mwenyewe amekiri pembeni mwa ukurasa kwamba simu ilisaidia. Harusi ni wiki mbili baada ya Sikukuu ya Wali wa Dada. Siku zimebaki chache, ndiyo maana naandika leo.

Umeniomba mambo mawili. La kwanza, nije kukaa kiti cha kaka wa babu siku Ayeng atakapotoka nyumbani, kisha nisiondoke tena. Unasema chumba cha nyuma umekipigilia mbao mpya, na ule msunobari baba alioupanda siku niliyozaliwa bado umesimama, watu wawili wakishikana mikono hawauzunguki, unaningoja uwe jeneza langu kama ilivyo desturi. Nimekuelewa. Hilo nitalijibu mwisho.

La pili ni kesi yenu. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, kama tulivyoicheka sote miaka yote hii. Nani katika bonde lile haijui? Kila harusi, kikombe cha pembe kikizunguka mara ya tatu, wewe husimama na kuwaambia wageni kwamba mwanamke huyu, mama wa watoto wako watano, alikupa pilipili ya kukukataa ndani ya wali siku ya Wali wa Dada, kisha mwaka uliofuata akaja kukudai uzi ambao kijana aliyekubaliwa hurudisha. Naye hukujibu palepale kwamba alikuwekea vijiti viwili vya kulia chakula, vimelazwa pamoja, yaani ndiyo, na kama ulivimeza basi tumbo lako ndilo liulizwe. Wageni hucheka mpaka wanashika mbavu.

Lakini Ayeng ameandika kwamba safari hii hakucheka mtu. Washenga walipokuja na bata wao, ukalewa, ukasimulia. Mmoja wao akasema kwa mzaha kwamba labda wachunguze vizuri kabla ya kumchukua binti, maana huenda ukoo huu mwanamke husema ndiyo mdomoni na kuficha hapana ndani ya wali. Mkeo Anyi akaweka chini bakuli alilokuwa amebeba. Alisema amekuwa akiitwa mwongo ndani ya nyumba yake kwa zaidi ya miaka hamsini na amelivumilia kwa sababu ulikuwa mchezo wa wawili, ila sasa limemfikia mjukuu. Tangu siku hiyo hali nawe chakula cha jiko moja. Na amesema hatamvika Ayeng mkufu mkubwa wa fedha siku ya harusi, mkufu aliovaa mama yetu na bibi yetu, mpaka jambo hili liamuliwe. Umeandika, na hapa najua ni maneno yako mwenyewe: “Kaka, wewe ndiye uliyebeba vile vifurushi. Njoo useme ulichoona, maana huyu mwanamke ataniaibisha na mimi sijui nimekosa nini.”

Basi nakaa chini niseme nilichoona.

Ilikuwa masika ya 1964. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, wewe kumi na minane, na wote wawili tulikuwa tunavuka daraja kila mara kwenda kilima cha nyimbo kwa sababu ya msichana mmoja. Wewe ulijua kwamba nampenda Anyi, na ulinihurumia, kwa kuwa mimi sikuweza kuimba. Nilikuwa nimesoma kuliko kijana yeyote wa kijiji chetu, lakini nikisimama mbele ya safu ya wasichana maneno ya wimbo yalinitoka yote. Ndipo ulipokuwa ukisimama nyuma yangu na kuniimbia. Uliimba kwa niaba yangu vizuri mno. Baada ya miezi miwili wasichana wa upande wa pili walikuwa wakitazama juu ya bega langu, wakitafuta sauti inatoka wapi. Anyi alikuwa wa kwanza kutazama. Aliwahi kuniuliza, mbele ya wenzake, kama mimi ni kijana au ni mlango tu.

Siku ya sikukuu ulikwenda kuangalia nyati wakipigana kule kwenye mchanga wa mto. Mimi nilibaki, na Anyi akaja akiwa na fedha zake zote, taji na mikufu, akilia kama kengele kila hatua. Alikuwa na vifurushi viwili vya wali vilivyofungwa kwa vitambaa alivyotarizi mwenyewe. Alinikabidhi vyote. Akasema chenye uzi mwekundu ni changu, na chenye kipepeo na uzi wa buluu ni cha mdogo wangu, akaongeza kwamba mimi ndiye msomi kwa hiyo anaamini sitavichanganya. Kisha akaondoka haraka. Nilimwona anacheka na wenzake, na shingo yake ilikuwa imeiva wekundu.

Haya yote umewahi kunisikia nikiyasimulia. Yanayofuata hujawahi kuyasikia, na Shemeji pia hajawahi.

Nilikwenda nyuma ya vichanja vya kukaushia mpunga nikafungua changu. Katikati ya wali wa njano kulikuwa na pilipili moja kavu, ndogo, imelazwa kwa uangalifu. Angeweza kuniongezea na kitunguu saumu, kama wengine walivyofanya kwa vijana wasioambilika, lakini aliweka pilipili moja tu, na nadhani ilikuwa huruma. Nilipaswa kufunga kitambaa changu na kurudi nyumbani. Badala yake nikafungua chako.

Ndani yake kulikuwa na vijiti viwili vya mwanzi, vyembamba, vimechongwa kwa kisu na kulainishwa, vimelazwa bega kwa bega juu ya wali mwekundu.

Nilivitoa. Nikachukua pilipili yangu nikaiweka mahali vilipokuwa, nikafunga uzi wa buluu kama ulivyofungwa, hata fundo nililirudia. Uliporudi kutoka mtoni, viatu vimejaa mchanga, nilikupa. Ulifungua mbele yangu. Kisha ukaniuliza mimi nimepata nini. Nikakuambia nimepata vilevile, tumepigwa pilipili ndugu wawili siku moja. Ukacheka, ukanikumbatia, ukasema afadhali iwe hivyo kuliko mmoja wetu kupata na mwingine kukosa. Tukakaa tukaula wali wote, wangu na wako, mpaka punje ya mwisho.

Shang, sikuwa na mpango wa kumwoa. Kwa vijiti vilivyochongwa kwa ajili ya mwingine ningemwoaje? Nilivuka daraja mara moja navyo mkononi, nikafika kwenye mti wa kwanza wa kijiji chao, nikageuka. Nilitaka tu usimwoe wewe. Mwezi wa tisa ilipokuja nafasi ya kwenda kaskazini kuchora ramani za reli, watu walisema nimekwenda kwa sababu nina akili. Nilikwenda kwa sababu ulikuwa unaamka kila asubuhi na kuniambia nisihuzunike.

Matokeo uliniandikia wewe mwenyewe, kwa hati yako iliyopinda, bila kujua unamwandikia nani. Sikukuu iliyofuata Anyi alisimama na wasichana wao akaimba kuhusu dume la bata la ng'ambo linalokula wali wa watu na lisirudishe hata uzi. Ukamjibu kwamba wali ulikuwa mkali, ulimi ukavimba, angeshukuru kwa ulimi gani? Akaimba kwamba ulimi uliovimba umevimba kwa uongo. Mkapigana kwa nyimbo mpaka wazee wakaacha pombe yao kuja kusikiliza, na kabla ya majira ya baridi mkawa mmeoana, kila mmoja akidhani mwenzake amemsamehe kosa.

Ndipo ikaja sehemu ambayo hatuisimulii harusini. Siku ya tatu bibi harusi alirudi kwao, kama ilivyo desturi, aje kwako misimu ya kupanda na kuvuna mpaka mimba ya kwanza. Wengine hukaa kwao mwaka, wakizidi sana miwili. Anyi alikaa minne. Uliniandikia kwamba unaogopa ana mtu mwingine. Mwanao wa kwanza alipozaliwa uliniandikia kwamba Anyi amekuambia alikaa kwao kwa sababu aliamini umemwoa kwa kushindwa nyimbo tu, maana mwanamume anayempenda mtu hawezi kutupa vijiti vyake na kudai vilikuwa pilipili. Wewe uliona ni kichekesho. Mimi niliisoma barua ile nimesimama kwenye ukumbi wa posta, nikakaa chini sakafuni.

Kwa maana mama alikuwa amekwisha kufa. Ulisema kofia ya mtoto aliyoishona, yenye vibao vidogo vya fedha, ilikuwa sandukuni kwa miaka mitatu, akiitoa kila mwaka mpya kuing'arisha, na alikufa bila kuona kichwa cha kuivaa. Hilo nimelifanya mimi. Wewe hukulifanya, wala Anyi.

Guilan, mke wangu, nilimwambia mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Alifikiri kidogo, akasema kumbe ameolewa na mwizi wa vijiti, sasa atakula kwa mikono. Kisha akaniambia niandike barua. Kila mwaka mpya aliniuliza kama nimeandika, nami nilisema nitaandika. Aliniuliza mara ya mwisho akiwa kitandani, miaka saba iliyopita. Kwa hiyo yeye pia anahusika katika barua hii, na ningependa mlijue jina lake linapotajwa mezani.

Shemeji Anyi, hukusema uongo hata siku moja. Uliweka vijiti. Vijiti hivyo vimo ndani ya bahasha hii, katika kitambaa cha uzi mwekundu ulichonipa mimi. Nimeishi navyo katika nyumba sita. Vimekuwa vyeusi kidogo ncha moja, kwa sababu mwaka mmoja bomba la jiko liliwaka, moto ukafika vilipokuwa, na nilivitoa humo kwa vidole. Utaijua kazi ya kisu chako. Sikuombi radhi kwa barua tu nikadhani imetosha, ila sina kitu kingine cha kukuletea.

Nawe mdogo wangu, nakuomba uwaite washenga walewale, na yule mwenye mdomo awe wa kwanza. Ayeng asome ukurasa huu mbele yao kwa sauti. Kisha simama umwombe mkeo radhi, kwa ajili yako na kwa ajili yangu, na ile pembe ya adhabu inayonihusu uinywe wewe, kwa kuwa unaipenda kuliko mimi. Baada ya hapo nadhani Shemeji atalifungua sanduku na kuutoa ule mkufu. Kama bado amekasirika, mwambie ana haki, ila Ayeng hana kosa na shingo yake ni ile ile ya bibi yake iliyokuwa ikiiva.

Utaniuliza nimejisikiaje nikiandika haya. Niliamka saa kumi na moja, sasa ni karibu adhuhuri, na nina njaa kama kijana. Binti yangu ameacha supu ya maandazi ya nyama, haina chumvi, na nitaila yote.

Msalimie mwanao na wadogo zake, kila mmoja kwa jina. Wasalimie waliobaki wa rika letu, hata kama ni watatu. Ukipita daraja, simama kidogo upande wa kwetu, unitazamie maji.

Na sasa lile la kwanza. Chumba cha nyuma mpe Ayeng aje kulala siku atakazokuwa kwenu, maana nasikia siku hizi mabibi harusi hawakai tena kwa wazazi, huja na kurudi wapendavyo. Msunobari ukateni mapema kabla maji ya mti hayajapanda, fundi amtengenezee sanduku la mapambo yake ya fedha, kubwa, lenye kufuli zuri. Mbao zitabaki, nanyi mnajua za kazi gani. Guilan amelala hapa, kwenye kilima cha kaskazini, na nafasi ya pembeni yake ni yangu. Sitarudi.

Kaka yako,
Tang Po