Kitambaa Kwenye Kitasa

Nyumbani, kwenye meza ya cherehani,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu zetu tele. U hali gani huko? Wifi yangu hajambo? Watoto je? Na mgongo wako umepona, au bado unajifanya kijana na kubeba mifuko ya saruji mwenyewe? Sisi tunamshukuru Mungu, tu wazima, isipokuwa magoti yangu yanayolia kuliko cherehani, na Dada Mkubwa, ambaye habari zake ndizo zimenikalisha hapa tangu asubuhi. Nitafika huko, usinikimbize.

Barua yako nimeipata. Ina maswali kumi na moja kuhusu safari ya meli, na chini ya maswali kuna kitisho. Unasema mwaka mzima umemwandikia Dada Mkubwa na hajakujibu hata mstari mmoja. Unasema asipokujibu safari hii utajua amekutupa, na Januari hutapanda meli na sisi. Mdogo wangu, una miaka hamsini na miwili. Mtu wa umri wako hasusi. Hilo la barua lina jibu lake, na si lile unalolidhani wewe, wala lile nililolidhani mimi.

Basi tuanze na maswali yako, maana hukuandika yote hayo ili niyafungie maandazi.

Usifike bandarini siku ileile ya kuondoka. Fika jana yake, lala, amka, kunywa chai, kisha nenda. Meli haina mjomba. Mwaka juzi tulikuwa juu, sitaha ya kumi, tukawaona bibi na bwana wanakimbia gatini na mifuko ya zawadi, huku kamba zimeshafunguliwa. Bibi akamrushia bwana kofia aliyomnunulia. Watu wote kule juu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, Mungu anisamehe.

Sanduku kubwa watakuchukulia getini, na utaliona tena jioni. Kwa hiyo dawa, miwani, paspoti na nguo ya kubadili viwe kwenye mkoba wa mkononi. Hili nimekuandikia mara mbili sasa. Mara ya kwanza ulinijibu kwamba wewe si mtoto.

Kuhusu wifi na kichefuchefu: mtu anayetapika ndani ya basi lililosimama asichukue chumba cha juu wala cha mbele. Achukue cha chini, katikati ya meli, ambako haichezi sana. Dawa anywe kabla hajajisikia vibaya, si baada ya kuwa kijani.

Zoezi la dharura, lile la kusimama na majaketi ya kuokolea, mtakwenda. Usiniambie umeliona kwenye televisheni. Na chakula kipo kutwa nzima, hakiishi, hakikimbii. Nimeona watu wazima wakibeba sahani tatu kana kwamba wametangaziwa njaa itaanza saa nane. Nawa mikono, chukua sahani moja, kaa.

Viti vya jua usiviulize. Kuna watu huamka alfajiri, wakatandika taulo kwenye kiti, kisha wakarudi kulala mpaka saa nne. Mimi safari hii tuliyotoka kurudi niliondoa taulo la mtu. Kumbe ni la daktari wa meli. Tuliache hilo.

Sasa swali la saba: hao wasafiri wazoefu wakoje, na je, watawacheka ninyi wageni? Watawacheka. Wana beji, wana kadi za vyeo, na hawakuulizi hujambo, wanakuuliza hii ni ya ngapi. Ukisema ya kwanza, wanakuonea huruma kama yatima. Yupo dereva wa treni mstaafu mwenye safari arobaini na moja; huyo akianza kusimulia, bandari hupita mbili hajamaliza. Dada Mkubwa na safari zake saba ni mwanafunzi tu kwake, lakini hata yeye ana mambo yao. Meli ni ileile kila mwaka, chumba kilekile, sitaha ya tano, cha ndani, hakina dirisha. Meza ileile. Mhudumu akileta orodha ya vyakula, Dada haifungui, anasema, “Kama kawaida.” Bandarini hashuki, eti bandari zote ni duka moja la fulana.

Na kitambaa. Wazoefu hufunga vitu milangoni, maana milango ya meli yote ni sare na ushoroba ni mrefu mpaka unakata tamaa. Mmoja atafunga utepe, mwingine ua la karatasi. Dada miaka hii ya karibuni kila safari huniomba kipande cha mahameli nyekundu kutoka kwenye mabaki yangu, akakifunga kwenye kitasa. Nikimuuliza cha nini, ananijibu ni urembo. Dada Mkubwa na urembo! Mwanamke aliyevaa viatu vyeupe vya wodini miaka thelathini na sita, muuguzi mkuu aliyekuwa akikagua kucha za madaktari! Hapo tu ningepaswa kushtuka.

Swali la nane, chumba kipi ni kizuri, ndilo lililoniletea balaa. Nilichoka, mdogo wangu. Safari sita nimelala kwenye kabati. Nikasema safari hii nimfanyie Dada mshangao. Nikaenda kwa yule binti wa wakala anayetukatia tiketi, nikabadilisha bila kumwambia: sitaha ya tisa, upande wa pili wa meli, dirisha kubwa, roshani yenye viti viwili. Tenda wema uende zako, wahenga walisema. Mimi nilitenda wema, nikakaa palepale kungoja shukrani.

Dada alifika mle chumbani. Akasimama mlangoni na mkoba wake. Kisha akaniuliza, taratibu, nani amekutuma? Nikamwonyesha bahari, jua linang'aa, mapazia ya hariri. Akakaa kitandani, akalia. Kabla ya hapo nilikuwa nimemwona Dada akilia mara mbili tu maishani, na mara zote mbili kulikuwa na jeneza.

Unaweza kujua nilivyokasirika. Siku tatu nikaishi na mtu aliyenuna. Kila kitu kule kilikuwa kinyume cha chumba cha zamani: bafu kushoto badala ya kulia, swichi upande mwingine, kabati mahali pa kioo. Dada akawa anajigonga mlango wa bafu. Akamimina chai pembeni ya kikombe, mezani, mbele ya dereva wa treni. Nikadhani anafanya makusudi ili nijute. Nikamwambia aache vituko. Nilimwambia hivyo mbele za watu, mdogo wangu.

Halafu nikafanya kubwa zaidi. Siku ya nne nikaona kile kipande cha mahameli kinaning'inia kwenye kitasa chetu, kimechakaa, nyuzi zimetoka, na majirani zetu sasa ni watu wa roshani, wenye maua ya hariri milangoni. Nikaona aibu. Mimi, fundi cherehani, niwe na tambara mlangoni? Nikakifungua, nikakitia kwenye ndoo ya taka, nikaenda zangu kucheza karata.

Saa tisa mchana nikaitwa mapokezi. Dada alikuwa ameingia chumba cha kinyozi mmoja mstaafu, milango mitatu kabla ya wetu. Mhudumu alikuwa akifanya usafi, kaacha mlango wazi. Kinyozi ametoka kuoga ana taulo tu, anamkuta mama mzima amekaa kitandani pake anavua viatu. Akapiga kelele, naye Dada akapiga kelele, mhudumu akaja mbio na ufagio. Watu wakacheka. Hata msichana wa mapokezi alikuwa anauma midomo. Dada alikaa kwenye kiti pale, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, anatazama mbele. Nikaanza kumgombeza tena. Ndipo nikagundua hanitazami mimi. Alikuwa anaitazama nguzo iliyokuwa pembeni yangu.

Nilinyamaza. Wewe unajua jinsi hilo lilivyo adimu.

Nikamshika mkono, nikampeleka chumbani. Njiani nikamsikia anahesabu milango, kwa sauti ndogo, huku vidole vinapapasa kila kitasa. Tulipofika wetu akapapasa, akakuta chuma kitupu. Akaniuliza, “Umekitupa?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Basi ndiyo maana.”

Dada Mkubwa haoni, mdogo wangu. Anaona mwanga, anaona kivuli cha mtu, anaona kidogo kwa katikati kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Ilianza miaka mitatu iliyopita. Ile meli aliipenda kwa sababu ameikariri: hatua arobaini na mbili kutoka lifti, reli mkono wa kulia, meza ya pili baada ya nguzo. Kule hakuna anayehamisha kiti. Kule alikuwa mzima, kila mwaka wiki mbili, na mimi nikamnyang'anya kwa mapazia ya hariri.

Mganga hajigangi, lakini huyu amezidi. Amewatia watu matone machoni maisha yake yote, yake akayaficha! Nimemfokea sana, usidhani sikumfokea. Kisha nikajifokea mwenyewe, kwa sababu mimi ninaona mshono uliopinda kwenye koti la mtu aliye ng'ambo ya barabara, na dada yangu ninayekaa naye nyumba moja sikumwona. Ameacha magazeti, nikasema amekuwa mvivu. Ananipa chupa za dawa nimsomee, nikasema ananifanya mtumishi.

Tumerudi, nimempeleka kwa daktari wa macho, kwa kumvuta. Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, ila matone asubuhi na jioni yatalinda kilichobaki. Mtoaji wa matone ni mimi. Ananiambia mkono wangu mzito na kwamba wodini kwake ningefukuzwa.

Sasa barua zako. Zilikuwa kwenye mkoba wake, zote kumi na nne. Kazikata vizuri juu kwa mkasi, kazipanga, kazifunga kwa bendeji. Alikwenda nazo mpaka melini. Kila ikifika nilikuwa namuuliza umeandika nini, naye alikuwa akinijibu, “Salamu tu, yuko salama.” Hakuwahi kusoma hata moja. Kuniomba nimsomee ingekuwa kuniambia haoni, na hilo hakuliweza.

Basi juma hili tumekaa hapa kwenye cherehani, nimemsomea. Siku tatu. Nimesoma na ile uliyomwandikia kwamba Cherehani, yaani mimi, ana mdomo usiozimika na unamsikitikia Dada kwa kukaa nami. Niliisoma kwa sauti, sikuruka neno, na Dada akacheka mpaka akakohoa. Kwa hiyo kuanzia leo ukiandika, kumbuka msomaji ni nani.

Tulipofika ile ya Juni, mahali ulipouliza, “Dada, nimekukosea nini?”, aliniambia nirudie mstari ule. Nikarudia. Akasema nirudie tena. Kisha akaniambia nikuandikie yote bila kuficha, maana amechoka kujificha, na jibu lake nikuwekee kama alivyolisema. Jibu lenyewe ni hili: “Hujanikosea kitu. Njoo.”

Nimekwisha kwenda kwa yule binti wa wakala. Tumerudishiwa chumba chetu cha sitaha ya tano, kile kabati kisicho na dirisha, na nimemshukuru kwa machozi mpaka akaniletea maji. Ninyi mtakaa milango sita mbele yetu, ushoroba uleule.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie anunue dawa za kichefuchefu sasa hivi. Wasalimie watoto, waambie shangazi zao wanawakumbuka. Binamu yetu seremala anakusalimu. Ametuwekea reli ya mbao kutoka chumbani mpaka jikoni, na Dada anasema imepinda. Mungu awatunze, awalinde njiani, atufikishe Januari tukiwa wote.

Ndani ya bahasha hii utakuta kipande cha jinzi nilichokishonea kifungo kimoja kikubwa. Si urembo, na ole wako ukikitupa. Sisi tuna mahameli mpya. Hicho cha jinzi ni chako, ili vidole vya Dada visivichanganye. Siku mkipanda, kabla hujafungua sanduku, kabla hujala, kifunge kwenye kitasa cha mlango wako kwa nje, halafu kaa ndani usubiri. Dada amenikataza kumshika mkono siku hiyo. Anasema mlango wa mdogo wake atauendea mwenyewe, na atagonga mwenyewe.

Ni mimi nikupendaye hata ukinuna,

Dada yako wa kati,
Cherehani.