Gongo Niliyoimwaga Kizingitini

Jumanne jioni, Kihagara

Sijutii. Gongo ndiyo iliyomuua mdogo wangu Beda, na mimi ni bwana afya. Ila siku hizi bia za chupa zimejaa madukani, na serikali hainitumi kuzimwaga.

Bibi Kolumba akipika gongo huwamwagia kwanza marehemu tone moja kizingitini, ndipo auze. Leo nimemwaga madumu yake yote hapo hapo.

"Asante, mjukuu wangu," akasema. "Mimi huwaonjesha tu. Wewe umewanywesha."

Ardhi ilikauka upesi mno.

Nimerudi nyumbani. Chumba cha Beda, tulichokifunga tangu mazishi, kinanuka gongo. Mama amekaa kando ya mlango, kidole mdomoni.

"Usipige kelele, mwanangu. Mdogo wako karudi, kalewa tena."