Mzee Ndani ya Albamu Yangu

Jumatatu, 5 Juni

Kituoni kununua pamba tangu saa moja. Imeletwa mbichi tena. Wamenyunyizia maji, nikawaambia, wakaniambia mizani yangu ni mwizi. Tangu kampuni binafsi ziingie tuko vituo vinne kwenye barabara moja, tunagombania wakulima kama wapiga debe. Godauni la ushirika lina kufuli, mbuzi wanalala barazani.

Jioni dukani kwa Masanja, muuza kanda. Tumehamishia wimbo wa nane kwenye kanda yangu. Albamu imekamilika! Jina lake Bati Jipya, peke yangu, bila kundi. Miaka mitatu ya nauli za Mwanza. Waliosema nitaishia kuchana mistari kwenye harusi waje sasa.

Studio ilishafungwa, mwenyewe kahama. Kanda nilizotoka nazo kule, zimeliwa na redio moja baada ya nyingine. Kwa hiyo albamu ni hii kanda moja tu. Msambazaji wa Dar anapita Jumamosi ya tarehe 17 kuchukua kazi za vijana wa mikoani.

Kanda yenyewe nzito, nzuri. Masanja aliinunua mnadani, ikiwa ndani ya redio chakavu. Vijino vya juu vilikuwa vimevunjwa, yaani mtu hakutaka ifutwe. Nilikunja karatasi ya sigara nikaziba matundu. Kila mtu hufanya hivyo.

Jumanne, 6 Juni

Nimeisikiliza dukani saa ya chakula. Baada ya wimbo wa pili kuna mtu anakohoa. Nikadhani ni mteja. Nikarudisha nyuma. Akakohoa tena.

Halafu sauti ya mzee, polepole: "Mweusi mwenye pembe moja. Yuko Mwanhuzi, kwa Jidayi." Ngoma yangu ikaingia, akapotea.

Masanja kacheka. Anasema tulikuwa tunasimamisha deki kila wimbo ukiisha, kwa hiyo vipande vya katikati havikufutwa. Sawa. Mimi sikucheka. Yule mzee anaongea kama mtu aliyekaa kiti cha pili.

Alhamisi, 8 Juni

Nimesikiliza nafasi zote kati ya nyimbo. Ziko saba. Mzee yumo katika sita. Ya mwisho, kabla ya wimbo wa nane, ni mvumo mtupu.

Katika wimbo wa nne najigamba, nauliza, "Nani yuko nyuma yangu?" Wimbo unaisha. Mzee anasema, "Ni mimi, Ng'wandu wa Sapiwi." Nywele zimenisimama saa sita mchana, jua kali, watu wananunua betri.

Nimeelewa kanda hii ni nini. Kwetu mtu haweki ng'ombe wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia, au wezi, umekwisha. Unampelekea rafiki wa mbali mmoja mmoja, yeye anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wako. Hakuna karatasi. Mwenye mali anajua kichwani nani anamtunza yupi. Huyu aliona kichwa kinamtoka, akasema kwenye kanda.

Na mimi nimechana juu yake.

Jumamosi, 10 Juni

Nimejaribu kumfuta. Ndiyo, naandika ukweli. Nilibonyeza kurekodi kimya, sekunde chache kila nafasi. Nikasikiliza. Bado yupo, mbali kidogo, kama amehamia chumba cha pili. Nikarudia. Yupo. Masanja anasema kichwa cha deki cha kufutia kimechakaa.

Nikafungua sauti mpaka mwisho nisikie kilichobaki. Nafasi ya saba, ile tupu, ikasema:

"Mtamba mwekundu, baka jeupe tumboni. Nyakabindi, kwa Malimi."

Malimi ni baba yangu.

Jumapili, 11 Juni

Badala ya kanisani nilikwenda zizini. Nikainama. Baka lipo, jeupe, chini ya tumbo. Maziwa ya ng'ombe huyu nimeyanywa tangu nikiwa shule ya msingi. Dume lake la kwanza baba aliliuza miaka mitatu iliyopita ili niende studio. Nilijivunia sana siku ile. Baba gani mwingine wa hapa angeuza dume kwa ajili ya rapu?

Nimemuuliza. Aliendelea kuchonga mpini.

"Ng'wandu alikufa mwaka jana," akasema. "Ng'ombe nimemlisha miaka tisa. Hakuna aliyekuja kuuliza. Futa hiyo kanda."

Nilimchukia. Kisha nikakumbuka jana nilikuwa nafanya nini.

Jumatano, 14 Juni

Sasa namsikia hata ndani ya nyimbo. Pale ngoma inapotulia, chini ya sauti yangu, kuna mtu anataja rangi. Mweupe. Kijivu. Masanja anasema hasikii kitu.

Leo kwenye mizani mama mmoja kaniuliza, "Mhola, uko salama, karani? Unamwitikia nani?" Kumbe nilikuwa nasema "ee", "ee", peke yangu. Nimeogopa.

Masanja ana wazo: anakili kwenye kanda mpya, anaruka nafasi zote. Msambazaji anapata albamu safi. Hakuna atakayejua. Ni kweli kabisa, hakuna. Nimemwambia nipe siku moja. Roho inaniuma.

Ijumaa, 16 Juni

Baiskeli mpaka Sapiwi. Nilimkuta mjane wake, Mama Kabula, na shemeji yake. Nikasema yote, na ya baba pia. Sikulia lakini nilikuwa karibu.

Walikuwa wanaitafuta kanda tangu msiba. Mkwe aliuza redio bila kuangalia ndani.

Redio ikaletwa uani. Nikataka kupeleka mbele ili nifike penye sauti. Mama Kabula akanishika mkono. "Hapana, ng'wanone, mwanangu. Usimkimbize. Acha aje mwenyewe."

Tukakaa tukasikiliza nyimbo zote nane. Matusi yangu, majigambo yangu, mbele ya mama mwenye umri wa bibi yangu. Ndio uzinduzi wa albamu yangu huo. Kila wimbo ulipokaribia kuisha aliinua kidole. "Kimya. Anakuja." Na kweli anakuja. Anataja ng'ombe, anataja boma. Mjane anaitika, "Ee, Ng'wandu." Safari moja sauti ya mzee ikamsalimia mkewe, "Mwangaluka, mayu, bado niko hapa." Mama akaangalia mlango wa nyumba. Sote tukaangalia. Kuku tu.

Shemeji akaamua: kanda inabaki, na isinakiliwe mpaka wazunguke maboma yote. Ikivuma mjini kwamba mzee amesema, wanaotunza ng'ombe watawahamisha. Nilishaliwaza hilo njiani. Nilikuwa naomba wao wasiliwaze.

Nikasema, "Sawa, baba." Nimerudi mikono mitupu.

Jumamosi, 17 Juni

Msambazaji alifika saa tano. Akangoja nusu saa, akanywa soda. Akachukua kanda ya jamaa wa Maswa ambaye hajui hata kufuata mdundo. Nimeumia. Nimeumia sana.

Nyumbani ng'ombe mwekundu ameondoka na ndama wake. Watu wa Sapiwi walikuja asubuhi, wakamtaja kwa rangi na baka. Baba alifungua zizi mwenyewe. Hajaniangalia usoni tangu hapo.

Jumapili, 30 Julai

Lori la kampuni limepita Sapiwi, nikashuka. Kuna habari kwamba wamemaliza maboma yote. Wamepata karibu ng'ombe wote, mtunzaji mmoja amekana, wako naye baraza la wazee. Kanda sasa naruhusiwa kuichukua. Kwa wimbo wa nane nimeshaandika mstari mpya, na msambazaji atapita tena mwakani.

Nilipokaribia ua nikasikia sauti yangu. Wimbo wa tatu. Nikasikia na nyingine chini yake, ya chinichini. Nikachungulia.

Mama Kabula anabangua karanga, redio iko kwenye kigoda. Anachana pamoja nami. Neno kwa neno, matusi yote, anapumua pale ninapopumua. Hacheki. Ameujifunza kama mtu anavyojifunza njia, ajue amebakiza hatua ngapi.

Sikubisha hodi. Wimbo ukaelekea mwisho. Akaweka karanga chini, akainua kidole, hakuna aliyekuwa naye pale uani.

Akanyamaza. Nami nikanyamaza nje ya ua, tukamngoja.