Mvumu wa Baba na Semi Tatu za Kichina

Jumanne, 3 Septemba
Uji nimekunywa. Kigoda nimekitoa, nimekaa chini ya mti wangu wa mvumu langoni. Nimewasalimia wapita njia kwa Kichina, maana Kichina nakijua chote.

Uongo. Najua neno moja na semi tatu. Nilizipata nilipokuwa mlinzi kwenye kambi ya Wachina wa barabara. Msimamizi wao alikuja hapa kila siku saa sita mchana, jua likichoma. Neno lenyewe ni chengliang: kukaa kivulini mpaka mwili upoe. Neno moja kwa kazi yote hiyo. Watu wana akili.

Mtendaji wa kijiji kapita, kaupima mvumu kwa kamba. Sijapenda.

Alhamisi, 5 Septemba
Wanaukata. Eti uko eneo la barabara. Wajenge kibanda cha kungojea magari, abiria wapate kivuli. Wakate kivuli, wajenge kivuli. Niliishia darasa la nne, lakini hesabu hii ingemshinda hata mwalimu.

Baba alichomeka fimbo ya mvumu siku aliyohamia hapa. Kwetu Waha ndivyo mji wa mtu unavyoanza: mvumu kwanza, nyumba baadaye. Kuukata ni kusema hapa hajawahi kuishi mtu. Mtendaji katoka pwani, hajui. Wazee wenzangu wanajua, wamenyamaza. Hao ndio nawachukia.

Jumamosi, 7 Septemba
Mkutano. Nikasimama, nikatoa usemi wa kwanza: chini ya mti mkubwa ndipo pazuri pa kupoa.

Mtendaji akatabasamu. "Umenena, mzee wangu. Na mti mkubwa ni serikali. Njoo ukae chini yake."

Makofi. Hata shemeji yangu kapiga, mbwa yule. Shoka nimewapa mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Jumatatu, 9 Septemba
Umeanguka. Utomvu mweupe kama maziwa, mpaka mlangoni. Mke wangu hakupika.

Jumatano, 25 Septemba
Kibanda tayari. Bati tupu, moto kama kikaango. Na kifupi. Nimeingia, nimegonga paji.

Usemi wa pili: aliye chini ya paa fupi hana budi kuinama. Mchina aliusema kwa huzuni, ni wa mtu anayeishi kwa wenyewe. Mimi niko kwangu. Siinami.

Saa saba nimemwona Mtendaji kajibanza kwenye ukuta wa nyumba yangu. Anatafuta kivuli. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Jumapili, 6 Oktoba
Mvua ya kwanza. Siku ulipokatwa niliiba tawi moja la mvumu, nikalificha nyuma ya choo chini ya majani ya migomba. Limechipua.

Usemi wa tatu: waliotangulia hupanda, wanaofuata hupoa. Nina miaka sabini na tisa. Nikilipanda, mimi sitapoa chini yake.

Mgongo hauchimbi tena. Lakini Mtendaji alipohamia hapa hana ofisi, miezi mitatu aligonga mihuri yake juu ya kigoda changu, chini ya mvumu uleule. Sikumdai kitu.

Kesho nitamwambia: Mwanangu, nichimbie shimo moja, pale ubavuni mwa kibanda chako. La kufika goti tu.