Jua Linajuaje Jumapili

Shoga, usipige simu, nimejifungia kwenye choo cha kazini.

Si unaijua ile grafu yangu? Miale ya kutoka anga za mbali inapungua mara moja kila wiki, nami nikawaambia wakubwa ni upepo wa jua unaoifukuza. Kwa kujiamini kabisa, na makala imeshatumwa jaridani.

Yule dada wa takwimu akauliza taratibu, "Mdogo wangu, mbona inapungua Jumapili tu? Jua linajuaje kama leo Jumapili?"

Jua linajuaje. Nilitamani ardhi inimeze.

Bosi akauliza nani huzima kila Jumapili kiyoyozi cha chumba cha mtambo unaohesabu miale, maana mtambo ukipata joto unahesabu pungufu. Nikasema naenda chooni mara moja.

Sasa nasikia wanaelekea chumba cha mtambo. Tangazo la kukumbusha watu wazime kiyoyozi Jumapili liko mlangoni pake, mwandiko wangu, na pembeni nimechora kajua kanakocheka.